Kikohozi Nilichokiigiza Matangani

Salale, Ijumaa, mfungo tano.

Mvua imenyesha tangu swala ya alfajiri, na paa linavuja palepale nilipoahidi kuliziba mwaka juzi. Mke wangu Somoe ameweka sufuria chini ya tundu. Kila tone linanitukana vizuri kuliko matusi.

Naandika kwenye daftari la shule la mjukuu. Mjerumani alinifundisha herufi miaka miwili, vita vikaja, akaondoka na nusu ya elimu yangu. Mwingereza naye hajanirudishia.

Leo tumeondoa matanga ya jirani yetu, Bi Zena. Mimi ni mtani wa ukoo wao, na kwetu mtani ndiye mwanamume pekee anayeingia upande wa wanawake msibani, akamwigiza marehemu, asipigwe mwiko wa kichwa. Kazi hiyo naipenda kupita kiasi. Mungu anisamehe.

Nikajifunga kanga, nikachuchumaa kama Zena mbele ya chanja ya samaki, nikapuliza moto usiokuwapo, nikakohoa. Kikohozi cha kukwangua, chenye kamluzi mwishoni. Wanawake wakacheka mpaka machozi.

Huku deltani kikohozi cha mwanamke ni sifa. Masika samaki na kamba hukaushwa ndani ya banda lililozibwa kwa makuti, kwa moshi wa kuni za mkoko, na asiyekohoa huambiwa hajui kazi. Mimi mwenyewe nilipomsikia Somoe anakohoa bandani, niliwatambia wenzangu kwenye bao: "Mnasikia? Mke huyo. Wenu wamelala."

Miaka miwili nilitamba.

Kisha akakonda, akatema damu. Tukavuka kwa mtumbwi, tukapanda lori Kibiti mpaka hospitali kubwa ya Dar es Salaam. Wakampiga picha ya kifua. Dakta akasema ni saratani, imekaa kwenye pafu. Nikambishia: mke wangu hajashika sigara maisha yake, mvutaji ni mimi, basi aniangalie mimi. Akasema hata wanawake wasiovuta huipata. Kama ni moshi wa banda, hajui. Anachojua ni kwamba kikohozi kisichokoma kinataka picha, na sisi tumekipeleka kimechelewa. Angekuja mapema, pengine angepasuliwa.

Sigara zangu Somoe alizitia motoni siku tuliyorudi.

Basi leo nimo katikati ya mchezo wangu, Somoe akainuka kwa kushika nguzo.

"Baba Asha, hicho si cha Zena. Zena alikohoa kavu. Hicho changu."

Kicheko kikakatika.

Wallahi sikujua. Nilidhani namwigiza marehemu, kumbe kifua changu kimejaa kikohozi cha mke wangu, nimelala nacho mpaka kimekuwa sauti yangu.

Bibi mmoja akamkanya: "Somoe, usijichulie. Hayo ni mashetani, yana mganga wake."

"Mashetani yangu yamepigwa picha, dada. Nimeyaona."

Somoe akawaeleza wote akiwa amesimama, akipumzika kila maneno matatu: kikohozi kisichoondoka, damu, kukonda, pumzi kuwa fupi. Msingoje mume awasifu, akasema, na wote wakanigeukia. Nilistahili.

Kisha akamwita mdogo wake. "Mwajuma, nionyeshe upindo wa kanga yako."

Mwajuma akaukunja haraka penye doa jekundu. "Tambuu tu hiyo, dada."

"Tambuu umeanza lini?" nikamuuliza. "Shemeji, wewe hata ubuyu unakutapisha."

Akanipiga kofi la bega. Halafu akakaa chini, akalia, na upindo ukakunjuka wenyewe. Ilikuwa damu, nyekundu mbichi.

Naliandika hili ili nisije nikalipamba baadaye: nilipoiona damu ya shemeji yangu niliogopa kuliko siku ya picha ya Somoe. Ya Somoe ilishakuwa. Hii ya Mwajuma labda bado ina mlango.

Jioni nimebomoa makuti ya ukuta mmoja wa banda letu, moshi upate pa kutokea. Jirani amenicheka, ati samaki wangu watakauka kwa dua. Wakauke kwa dua. Naye siku moja nitambomolea lake.

Mtumbwi nimeuzungumzia. Maji yakijaa alfajiri tunavuka, tukadake lori Kibiti. Somoe ameapa kwenda. Nimemwambia amechoka, akaniambia nikazibe paa. Anataka kumshika mkono mdogo wake mbele ya ile mashine ya picha, maana yeye alipoingia alishika hewa.

Mwajuma ameleta salamu magharibi hii: hawezi kuja, ana kamba chanjani.

Vema. Mtani hafukuzwi, na shemeji ndiyo kabisa. Kesho kabla ya adhana nitakuwa mlangoni pake nikikohoa kile kikohozi, na kamluzi kake mwishoni, mpaka atoke.