Pasipoti Yangu Iko Kiunoni

Genova, Italia
Januari 2014

Mama yangu mpendwa,

Mwakeye, Mama. Kabla ya kushika kalamu nimeinama nikapiga makofi ya salamu hapa chumbani, peke yangu, na mwenzangu wa kitanda cha pili amenitazama kama mtu aliyepandwa na homa. Hamjambo huko Makere? Mguu wa Baba unaendeleaje, na mahindi ya bondeni yamesalimika na nyani? Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio hautulii. Laini yangu ya simu huku haishiki, kwa hiyo naandika na kutuma kwenye sanduku la parokia. Stempu nimekwenda kununua mwenyewe, sikumpa mtu wa mapokezi. Tafadhali isome wewe polepole, usimpe Shangazi Felista akusomee, maana ikipita mdomoni mwake, hadi jioni Makere nzima itakuwa inasema Odetha ameuzwa.

Sijauzwa, nadhani. Ngoja nikueleze.

Basi lilitoka Kasulu salama. Kibondo akapanda baba mmoja wa makamo, akakaa kando yangu na soda na biskuti zake, kila tukisimama ananikaribisha. "Kula binti, Dar mbali." Nikamwambia nimefunga. Akaangalia rozari yangu shingoni, akauliza nimefunga nini na Kwaresima bado. Nikamjibu nimefunga kwa nia yangu mwenyewe. Tulipoingia lile pori la kwenda Nyakanazi, askari wetu wa kusindikiza wakiwa mbele, abiria wote waliogopa majambazi, mimi nilimwogopa mwenye biskuti. Aliposhuka Kahama akaniachia pakiti nzima kwenye kiti. Sikuigusa, na njaa ilikuwa inaniuma kweli.

Kwenye ndege nako nimekula vile tu vilivyofungwa nailoni, na maji ya chupa niliyofungua kwa mkono wangu. Tulibadilisha ndege mara mbili. Kila mahali nilikuwa naipapasa pasipoti, niliyoifunga kwa kipande cha kitenge chako kiunoni, chini ya nguo. Nilipapasa mpaka mama mmoja mzungu akanionyesha choo kilipo.

Nilipofika huku, mwanamume mwenye kapelo nyeusi alikuwa amesimama na kibao chenye jina langu. Mwingine angefurahi. Mimi nikampita kama simjui, nikajibanza nyuma ya nguzo nimtazame anachukua watu wa namna gani. Akachukua Wahindi wawili na vijana wa Indonesia, akaangalia huku, akaangalia kule, akapiga simu kwa hasira. Nilipomtokea kwa nyuma nusura adondoshe simu. Tulipoingia kwenye gari nikakaa karibu na mlango.

Ametuleta kwenye hoteli ya karibu na bandari tuisubiri meli. Kazi ni ile ile niliyowaambia: jikoni, kumenya na kuosha, kwenye meli ya watalii wanaozunguka dunia nzima miezi kwa miezi. Hivyo ndivyo wanavyosema. Meli yenyewe hadi leo sijaiona, naona maji na ukungu tu. Mtu akiniambia hakuna meli yoyote, sina la kumbishia.

Siku ya kufika, Kapelo alituletea maji ya machungwa kwenye glasi. Wenzangu wakapokea wakagugumia. Mimi nikangoja aonje, kama wewe unavyoonja togwa mbele ya mgeni kabla ya kumkabidhi kata, hata mgeni awe ndugu yako wa tumbo moja. Hakuonja. Akanisogezea glasi, nikamrudishia kwa mikono miwili, kwa adabu kabisa. Akanisogezea tena, nikamrudishia. Basi akashukuru, akanywa yote, akaondoka. Nilibaki na kiu yangu nikaenda kunywa ya bombani.

Jioni hiyo hiyo akapita kukusanya pasipoti. Mama, wote walitoa kama wanatoa karanga. Nilipoulizwa mimi, nikasema kesho. Jana nikasema kesho tena. Hapo akavua kapelo, akanieleza polepole kama anaongea na mtoto: pasipoti zinakaa kwenye ofisi ya meli, asiyetoa hapandi, na asiyepanda anakatiwa tiketi ya kurudi alikotoka.

Nirudi, Mama? Nirudi niwaambie nini nyie mliouza ng'ombe kwa safari hii? Lakini nikitoa? Unakumbuka tulivyoitafuta. Tulivyoulizwa babu alizaliwa upande gani wa mpaka wa Burundi, tukaenda hadi Munanila kutafuta wazee wanaomkumbuka, na Baba akiuburuza ule mguu. Mwaka mzima watu wanatutazama kama tumevuka mto jana. Nilipoipata, Baba aliishika akaniambia, "Hiki usimpe mtu. Huyu ndiye wewe." Na yule binti wa Gwarama aliyekwenda Uarabuni kufanya kazi za ndani, si alianza hivi hivi? Mama mwenye nyumba alimwomba pasipoti amtunzie, akaifungia kabatini, na kutoka kwenye ile nyumba ikawa mpaka alipougua wakamchoka. Nalifikiria kabati lile kila nikifumba macho.

Sasa huyu mwenzangu wa chumbani. Anaitwa Lorna, Mfilipino, mwanamke mfupi wa umri wa Dada Yustina. Alifika baada yangu. Nilimshuku tangu alipofungua mlango. Haachi mkoba wake, hata bafuni anaingia nao. Anatoka koridoni kupiga simu kwa sauti ya chini. Na ananitazama, Mama, akidhani sioni. Nikajiambia, huyu amewekwa hapa anichunge nisitoroke. Alinipa mkate, nikasema nimeshiba. Tumbo likanguruma akasikia.

Leo mchana njaa ikanizidi, nikafungua kopo la dagaa ulionikaangia na karanga. Harufu ikajaa chumba kizima, nikawa nyumbani. Haya, kula peke yako mbele ya mtu si tabia uliyonifundisha. Nikamsogezea Lorna kopo. Akatikisa kichwa haraka, akauvuta mkoba kifuani.

Niliudhika sana. Dagaa wa Kigoma wanakataliwa na mtu wa visiwani? Nikabaki nimenyoosha mkono nikimwangalia alivyoukumbatia mkoba, halafu nikajiona. Mama, nilikuwa nimemkaribisha bila kuonja. Mimi, binti yako. Yule mwanamke alikuwa ananiogopa mimi.

Nikachukua dagaa mmoja nikamtafuna mbele yake, nikameza, nikafungua mdomo aone hamna kitu. Akacheka. Akachukua mmoja, kisha wawili, kisha kopo likawa katikati yetu. Kwa Kiingereza changu cha kuokoteza na mikono nikamweleza kwamba kwetu mwenye kutoa ndiye anaonja kwanza, ili mgeni aone chakula hakina ubaya. Naye akasema kwao walimwonya asile cha mtu asiyemjua wala asimbebee mzigo, kuna wasichana wanaowekewa madawa kwenye mabegi. Kumbe alipokuwa anatoka koridoni alikuwa anampigia mume wake kumwambia kuna Mwafrika chumbani anaongea peke yake na kujishika tumbo kila saa, labda amemeza kitu. Nikamfunulia kitenge aione pasipoti. Alicheka hadi akakaa chini. Halafu akatoa ule mkate, akaumega, akala kipande chake kwanza, akanipa.

Anasema hii ni meli yake ya tatu. Anasema ni kweli pasipoti zinakaa ofisini, kwa sababu kila bandari maofisa wanataka kuziona zote kwa pamoja, na mkataba ukiisha unarudishiwa. Nimemsikiliza. Lakini Mama, mtu akikupa mkate si kwamba amekuambia ukweli. Labda ndivyo wanavyofanya kazi, mmoja anatisha, mwingine anabembeleza. Sijaamua. Kapelo anataka jibu kesho asubuhi.

Jina la hoteli na mtaa nimeandika nyuma ya bahasha. Mkikaa muda mrefu bila kunisikia, Baba aanze kuulizia hapo.

Msalimie Baba, mwambie kiuno changu kiko salama. Msalimie Dada Yustina anayenilelea mwanangu, na huyo mwanangu umbusu kichwani, asinywe maji ya mtoni. Msalimie Mjomba Elia fundi baiskeli, na Padri aliyeniandikia barua ya kunitambulisha. Shangazi Felista msalimie kwa ufupi.

Ni mimi binti yako,
Odetha

Mama, nimeifungua tena bahasha. Ni asubuhi.

Kapelo alikaa kwenye meza ya kulia chakula na mkoba wa ngozi wazi mbele yake. Wenzetu wote walishamaliza, tumebaki mimi na Lorna, ambaye hakuwepo siku ile ya kukusanya. Nilisimama mkono ukiwa ndani ya nguo, nimelishika fundo la kitenge, na vidole vikagoma. Nilikuwa nimeshaanza kutafuta Kiingereza cha kusema nirudisheni kwetu.

Lorna akanipita, akaenda mezani. Akatoa pasipoti yake mkobani, akainyanyua juu niione vizuri, akaiweka mbele ya Kapelo. Halafu akanigeukia. Akafungua mdomo wazi kama nilivyofungua mimi na dagaa wangu, nione hamna kitu.

Nikafungua fundo.

Kapelo amezifunga zote mbili mkobani. Sasa tumekaa na mabegi yetu mlangoni tunangoja basi la bandarini, na ukungu umepungua, kuna kitu kikubwa cheupe kule mbele, chenye madirisha. Sijui kama nimefanya vema. Kiuno kimekuwa chepesi, mkono bado unakwenda pale kupapasa na unakuta kitenge kitupu. Mwambie Baba sikumpa mtu tu. Mwambie mwenzangu alionja kwanza.