Leya ya Makaburi

Jumatatu, 6 Machi 1995

Kalamu ya wino mwembamba imeziba tena. Nimeiloweka kwenye maji ya moto tangu saa mbili, bado. Dirishani Tabitha, mchoraji mwenzangu, amekaa mbele ya kompyuta, hana wino hata kwenye ukucha. Mimi vidole vyangu ni vyeusi tangu nilipoajiriwa.

Wiki ya tatu leo tangu arudi kutoka kozi ya kompyuta Dar es Salaam. Barua ya kozi ile ilikuja kwa jina langu. Nikamwambia Mhandisi ampeleke Tabitha, mimi pamba yangu kule Bunda ilikuwa inangoja palizi. Nilidhani kompyuta haitafika Musoma nikiwa hai. Imefika. Yeye anaiendesha, mimi naloweka kalamu.

Kushika rula nilimfundisha mimi. Naandika hapa ili pawe na mahali pameandikwa.

Jumatano, 8 Machi

Leo Tabitha amewaita wote waje kuona. Hakuniita kwa jina, lakini "wote" nami nimo.

Ni hivi. Ndani ya kompyuta mchoro wetu wa bomba la maji umepangwa kwa leya. Mabomba yana leya yao, barabara zina yao, mashamba yana yao, nyumba zina yao. Ukizima leya, vitu vyake havionekani. Havijafutika, vimefichwa tu. Ukiiwasha vinarudi. Sasa Tabitha ametunga skripti, yaani orodha ya amri alizoziandika mapema, kompyuta inazisoma yenyewe. Anabonyeza herufi mbili, mashamba yanapotea, mabomba yanabaki. Herufi nyingine mbili, mabomba yanapotea, mashamba yanarudi na mipaka yake.

Mhandisi alicheka kama mtoto aliyepewa mpira. Akasema arudie. Akarudia mara nne.

Karatasi ya mthamini wa fidia, karatasi ya wachimbaji, karatasi ya wafadhili: mimi kila moja nachora upya kwa mkono, siku nne. Nikikosea nakwangua wino kwa wembe. Yeye amezitoa zote kabla ya chai.

Nilisema "vizuri". Ilitoka kama kikohozi.

Ijumaa, 10 Machi

Kikao. Mhandisi alizungukazunguka kwanza, akaongea juu ya mvua, akaongea juu ya diseli. Halafu akasema. Serikali inapunguza watu. Ofisi yetu itabaki na mchoraji mmoja kuanzia Julai. Jina la atakayebaki atalipeleka mwisho wa Mei.

Wachoraji tuko wawili. Hakuna hesabu ngumu hapo.

Nina miaka arobaini na tisa. Yeye ishirini na sita. Kwao Bukima, baba yake mvuvi, hana wa kumtegemea. Nalijua hilo. Halikunisaidia kitu leo.

Jumanne, 14 Machi

Tabitha alikuja mezani kwangu na penseli. Akauliza, "Mzee Mafuru, kwenye karatasi ya wachimbaji huwa unawekaga nini na nini? Nataka niiandikie skripti yake."

Sikuinua kichwa. Nikamwambia: mabomba, barabara, mito, nyumba. Akaandika. Akashukuru.

Miaka kumi na tisa ya kazi, imeingia kwenye mstari mmoja wa penseli.

Ijumaa, 17 Machi

Umeme umekatika saa nne asubuhi. Kompyuta kimya. Tabitha kakaa amekunja mikono. Mimi nikaendelea kuchora, polepole, nikihakikisha rula inasikika.

Nilifurahi. Nimekula sato mzima pale kwa mama lishe na nikaongeza ugali. Umeme ukarudi saa tisa.

Jumanne, 21 Machi

Karatasi za wachimbaji zimetoka. Kumi na mbili, safi, mistari haina tone. Nilizipitia moja moja nikitafuta kosa. Naandika ukweli: nilikuwa natafuta kosa.

Nimelipata. Makaburi hayamo.

Kwetu mtu anazikwa nyumbani kwake. Kaburi la saruji kila mtu analiona. Mengi hayana saruji, ni mawe, au mti, au hayana kitu kabisa, mwenye mji tu, yaani mwenye boma hilo, ndiye anayejua. Kwa hiyo kabla ya kuchora mimi napita mji kwa mji na daftari, nasalimia, nakunywa uji, ndipo nauliza. Kaburi lenye msalaba naweka msalaba. Lisilo na alama naweka duara dogo. Kwenye michoro yangu yanaingia yenyewe, mkono unayaweka kabla sijafikiri. Ndiyo maana sikumtajia. Naapa siku ile sikukusudia.

Tabitha alishayaingiza yote kutoka daftari langu, duara kwa duara, kwa ajili ya mthamini. Yamo ndani, kwenye leya yao. Ila skripti ya wachimbaji inawasha vinne nilivyomtajia na kuzima vingine vyote.

Karatasi ya saba, upande wa Butiama. Mstari wa mtaro unapita nyuma ya mji wa Bibi Nyangeta. Pale kuna duara. Bibi alinionyesha kwa kidevu tu, wala hakunyoosha kidole. Mtoto wake, alikufa mwaka wa njaa. Mume alikuja kuyaondoa mawe akalima. Bibi akaniambia niandike, maana watoto wake waliobaki hawajui, naye anazeeka.

Nimeirudisha karatasi ya saba kwenye rundo. Mhandisi amesaini.

Sikusema.

Jumatano, 22 Machi

Nitasema kesho.

Alhamisi, 23 Machi

Sikusema. Asubuhi Mhandisi alimtambulisha Tabitha kwa wageni wa wafadhili: "Huyu ndiye mtaalamu wetu." Mimi nilikuwa nimesimama pale pale, nimeshika chupa ya wino. Mgeni mmoja akanipa kikombe chake kitupu nimpelekee jikoni.

Basi waende na karatasi zile hivyo hivyo. Wachimbaji wakirudi kulalamika, ataonekana mtaalamu.

Jumatatu, 3 Aprili

Karatasi zimepakiwa kwenye gari. Wachimbaji wameanza upande wa ziwani, Mugango, watapanda polepole. Kuna mawe mengi. Nimejiambia hadi wafike karatasi ya saba ni mwezi mzima, nina muda.

Muda wa nini, sijaandika.

Jumapili, 16 Aprili

Pasaka. Sikwenda kupokea komunyo. Mama Rehema, mke wangu, aliniangalia kwa pembe ya jicho tangu kwenye benchi. Njiani akauliza. Nikamwambia tumbo. Nyumbani akanipikia uji wa mtama, usiotiwa sukari, wa mgonjwa. Niliumaliza wote.

Nimeoa mwanamke mwema. Hilo nalo limeniudhi.

Alhamisi, 20 Aprili

Kulikuwa na mawe machache kuliko nilivyodhani.

Simu ya upepo, ile redio ya ofisi, imelia kabla ya saa sita. Kijiji cha upande wa Butiama. Vijana wa mtaro wamekuta mifupa midogo. Watu wa mji ule wametoka wote, wamenyang'anya sururu na makoleo. Kazi imesimama. Wazee wa ukoo wanataka kondoo wa tambiko, na wanataka waliofanya waje wenyewe, wasitume mtu.

Mhandisi alimwita Tabitha ofisini, mlango ukaachwa wazi. Hakupiga kelele. Aliuliza swali moja, kwa nini makaburi hayamo kwenye karatasi ya saba. Tabitha akasema, "Nimekosea mimi, Mhandisi." Hakunitaja. Hakusema orodha ile ameitoa kwa nani.

Nilikuwa nasikia kila neno. Nikahisi kushinda. Ilidumu kama kuvuka barabara.

Mhandisi akaja kwangu. Akasema, "Mzee, kesho twende wote. Huyu binti hawezi kusimama peke yake mbele ya wazee kwa jambo la kaburi." Akaongeza kwamba vijana wanakimbilia mashine, sisi wa zamani tunajua kazi. Maneno hayo nimeyasubiri tangu Februari.

Ijumaa, 21 Aprili

Naandika yote.

Tulitoka asubuhi, mvua, kondoo amefungwa nyuma. Tabitha alikaa katikati, amejifunga khanga. Gari lilipopita mabonde akaniambia kwa sauti ya chini, "Mzee, nimeiangalia skripti ile mara kumi. Iko sawasawa na nilivyoandika. Sijui nimekosea wapi." Nikaangalia nje. Kulikuwa na watu wanapalilia mihogo.

Mji wa Bibi Nyangeta una watu wengi. Wanaume upande mmoja, wanawake karibu na jiko. Mtaro umefika hadi nyuma ya nyumba. Wamefunika mahali pale kwa kitenge na mawe manne pembeni. Mzee wa ukoo akasema sana, kwa lugha yao, halafu kwa Kiswahili ili Mhandisi asikie. Mhandisi akajibu vizuri. Tabitha akapiga magoti, akasema kosa ni lake, amekuja kuomba.

Bibi Nyangeta hakumwangalia hata. Alikuwa ananiangalia mimi.

"Wewe si ulikujaga hapa na kitabu?"

"Ndiyo, Bibi."

"Si nilikuonyesha?"

"Ulinionyesha."

"Uliandika?"

"Niliandika."

Akauliza polepole, bila hasira, kama mtu anayetaka tu kujua, "Sasa ilikuwaje?"

Ningeweza kusema mashine. Neno lilikuwa mdomoni tayari, na Mhandisi angelipokea. Tabitha bado yuko magotini, matope yamepanda kwenye khanga. Nikasema. Nikasema binti aliniuliza vinavyotakiwa nikamtajia nusu. Nikasema niliziona karatasi kabla hazijaondoka, nikaona duara la mtoto wa Bibi halimo, nikazirudisha. Nilijua. Mwezi mzima nilijua.

Mzee wa ukoo akauliza kwa nini.

Nikasema wivu.

Kondoo alilia. Mwanaume mmoja alitema mate. Bibi Nyangeta akasema, "Basi mwinue huyo mtoto wa watu." Nikaenda kumshika Tabitha mkono. Akainuka mwenyewe.

Tumezika upya saa tisa. Nilichimba mimi. Walinipa jembe bila kuniuliza.

Njiani kurudi Tabitha alihamia kiti cha dirishani.

Jumanne, 25 Aprili

Mtaro utazunguka. Mita arobaini na zaidi. Tabitha amebadilisha skripti zote. Sasa leya ya makaburi haizimiki kwa amri yoyote, makaburi yapo kwenye kila karatasi, hata ya wafadhili.

Ananisalimia. Shikamoo, marahaba, basi.

Mhandisi hakuniandikia barua ya onyo. Alisema aandike nini, neno wivu halina fomu. Ningependa angeandika.

Ijumaa, 26 Mei

Jina limekwenda. La Tabitha.

Nilikuwa nalijua, na bado liliniingia kama mwiba. Nikatoka nikaenda hadi ziwani, nikasimama pale wanapoanika dagaa. Namwonea wivu hata leo. Anajua ninachokijua, na anajua nisichokijua, na bado ni mtu mzuri. Ningeweza kumsamehe mawili kati ya hayo.

Mama Rehema anasema pamba mwaka huu wanunuzi ni wengi, kila mmoja na mizani yake, nitapata la kufanya. Amesema bila kunionea huruma. Nimemshukuru.

Alhamisi, 8 Juni

Wiki tatu zimebaki. Mhandisi ameagiza vijiji vya upande wa Bunda viulizwe upya kabla ya kuchimbwa, twende wawili. Tabitha ndiye aliyeomba twende wawili, nimeambiwa na dereva.

Leo miji sita, barabara ya kwenda Kibara. Nimemwacha aulize yeye. Mimi nilikaa na wanaume, tukaongea pamba.

Mji wa nne, mama mwenye nyumba alijibu kama walivyonijibuga mimi, kaburi la baba mkwe lile pale, basi. Kisha akamtazama Tabitha, akamwita jikoni. Wakatoka kwa mlango wa nyuma, wakazunguka zizi. Walikaa huko muda mrefu. Chai yangu ilipoa.

Aliporudi macho yalikuwa mekundu. Akanipa daftari lake nione. Maduara manne, madogo, karibu karibu, chini ya mchongoma. Watoto waliozaliwa wakafa kabla ya kupewa majina. Wanawake ndio huwazika, wanaume hawaulizi.

Mji ule mimi nilipita mwaka 1988. Nimekuja nyumbani nikafungua daftari langu la mwaka ule. Mwandiko wangu mzuri, rula imenyooka. Msalaba mmoja wa baba mkwe. Chini yake nimeandika: mengine hakuna.