Dadu za Mjomba

Jumatatu, 3 Machi

Mashine imezunguka! Kopo la plastiki, mota ya feni iliyokufa, na simu ya zamani ya Mama ikining'inia juu kama kamera. Kopo linapinduka, dadu zinaanguka, simu inapiga picha, programu inahesabu nukta. Sanduku la mbao kanitengenezea Seremala wa mtaani, bure. Kaliranda kwa mkono — mashine yake ya umeme aliipoteza kwenye mchezo wa dadu, kibandani kwa fundi matairi. Aliyeichukua ni Mjomba, kaka yake Mama, tunayeishi naye. Nilitaka kumwomba Seremala radhi. Sikujua kwa maneno gani.

Maonyesho ya sayansi ya shule ni Ijumaa. Mshindi anakwenda mashindano ya shule zote.

Jumanne, 4 Machi

Dadu za dukani zina nukta hafifu, kamera inakosea. Za Mjomba ni nyeusi tii juu ya nyeupe. Alikuwa amelala mchana, koti lake msumarini. Nikazikopa, zikazunguka hadi alasiri, nikazirudisha. Hakujua.

Tatizo: sita zinatoka mno. Kamera itakuwa mbovu.

Jumatano, 5 Machi

Mwalimu wa fizikia anasema kosa ni langu mpaka nithibitishe si langu. Nimebadilisha taa. Nimegeuza simu. Nimekoleza nukta za dadu za dukani kwa wino — zinasomeka, na namba zote zinatoka sawasawa. Nikazikopa tena za Mjomba. Sita, sita, tatu, sita. Nikakagua picha moja moja kwa macho yangu. Kamera haijakosea.

Mwalimu alifurahi mpaka akasimama. Kumbe mashine yangu hairushi tu, inapima! Anasema hata kiwandani dadu huharibika bila mtu kujua. Akanikumbusha kutaja chanzo cha kila kifaa.

Wakati wa chakula Mjomba alikuwa na utani wake: eti bahati imemganda kama kupe, hata akiifukuza haibanduki. Mama hakucheka.

Labda Mjomba hajui. Nikishinda nitamweleza, atanunua nyingine.

Ijumaa, 7 Machi

Nafasi ya kwanza! Mwalimu alinishika mkono mbele ya watu wote.

Seremala alikuja kuona sanduku lake, kavaa shati la pasi. Akasimama mbele ya chati yangu, hasogei. Upande mmoja, Dadu za Dukani. Upande wa pili, Dadu za Mjomba, na mstari wa sita umesimama kama mlingoti.

"Mjomba yupi, binti? Huyu wa kwenu?"

Nikasema ndiyo. Kwa fahari, nadhani.

Akauliza kama mashine inaweza kukosea. Nikamweleza yote niliyothibitisha: taa, simu, wino, picha. Kama nilivyofundishwa. Akashukuru, akaondoka bila kuligusa sanduku.

Njiani kurudi ndipo nilipoelewa nimemwambia nini.

Jumamosi, 8 Machi

Asubuhi nilitaka kumwambia Mjomba. Alikuwa ananyoa ndevu, anapiga mluzi. Nikachukua ndoo, nikaenda kuchota maji.

Wamekuja alasiri hii. Seremala, fundi matairi, na mwingine nisiyemjua, ambaye amefunga mlango kwa komeo kisha akauegemea. Hawapigi kelele. Afadhali wangepiga. Mashine yangu wameiweka mezani, wakamwomba Mjomba atoe dadu za kwenye koti. Mama kanisukuma chumbani.

Simu ninayo mimi, ilikuwa kwenye chaji. Fundi matairi anasema waiache simu, wasome dadu wenyewe. Seremala amekataa. "Macho yetu yana hasira. Mwiteni binti na kamera yake. Yule hadanganyi."

Mjomba amekuja kunichukua. Amefunua pazia la mlango kidogo tu. Jasho limemtoka kama mbeba magunia.

"Profesa," ananong'ona, "sema tu kamera ni mbovu. Neno moja, mama yangu."

Nimemwambia nakuja. Mama amesimama nyuma yake. Ananitazama.

Naandika haya haraka. Nimefuta lenzi kwa pindo la gauni. Nimefuta tena. Ni safi.

Wananiita.