Mtu Mwingine Anayeujua Wimbo wa Tisa

Alhamisi, mwezi wa saba. Baridi ya kuvaa soksi juu ya soksi. Ukungu ulishuka mchana na bado umelala mlangoni kama mbwa.

Shajara yangu ya mtandaoni, leo nilitaka kuandika juu ya mwimbaji Salome Dafina. Nitaandika, ila nina na jingine la kusimulia.

Wote wanamjua kwa "Kata Keki". Hapa Soni hakuna keki ya harusi, ya Walutheri wala ya Waislamu, inayokatwa bila huo wimbo. Mimi fundi cherehani nimeshona magauni ya kuuchezea mpaka nikauchukia.

Lakini kanda ile ile ina upande wa pili. Kuna "Shati la Bluu", ambapo sauti inamkwama kwenye neno "pasi" na hakurudia kurekodi. Mwanamke akililia pasi, ujue mume aliondoka kweli. Na kuna wimbo wa tisa, "Ng'ambo". Salome anauliza, "Uko upande gani?" kisha ananyamaza. Gitaa linaendelea peke yake. Hakuna anayejibu. Anauliza tena, hivyo hivyo hadi mwisho. Watangazaji walisema waitikiaji wake walikosa basi siku ya kurekodi. Mimi nasema ile nafasi ndiyo wimbo wenyewe.

Nimelisema hilo kwenye blogu hii miaka mingi. Aliyewahi kuacha maoni ni mmoja tu, na alikuwa anauza dawa ya nguvu za kiume.

Sasa, ya leo.

Njia ya kwetu inapanda kutoka sokoni kupitia kwenye mikaratusi. Ukungu ukishuka, mwenye adabu hujitangaza: anakohoa au anaimba, asije akagongana na mtu aliyejitwika kabichi. Mimi huimba "Ng'ambo", maana una nafasi za kusikilizia.

"Uko upande gani?" nikaimba.

"Nipo huku."

Sauti ya kike, nyembamba, kutoka kushoto. Iliingia pale pale inapotakiwa, ikaisha kabla sijaanza mstari wa pili. Haukuwa mwangwi, mwangwi ungenirudishia maneno yangu.

Mwenye akili angeogopa. Mimi nilifurahi.

Hatimaye, mwenzangu! Nikaimba mstari wa pili, nikajibiwa kwa karibu zaidi. Nikaacha njia, nikakanyaga majani mabichi, natabasamu kama bibi harusi.

Mtu akanivuta kitenge kwa nyuma.

Alikuwa Mama Neema, jirani yetu, mwimbaji wa sauti ya pili kwenye kwaya ya usharika, na mzigo wake wa kuni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Unakwenda wapi huko?"

"Kwa huyo anayeimba."

"Nimewasikia tangu darajani. Mwenzako anakuzidi, wewe unaimbia puani." Kisha akautazama mguu wangu ulipofika, utani ukamwisha. "Yuko wapi?"

Nikaonyesha kushoto.

Akasema jambo kwa Kishambaa ambalo siliandiki hapa, wajomba wanasoma. Akaokota jiwe, akalirusha mbele yangu. Tukasubiri kulisikia likitua.

Tulisubiri sana.

Mvua za masika ziliukata mlima pale, pakabaki genge tupu. Kila mtu anajua, hata mimi.

"Njia hii uimbe nyimbo za kanisani," Mama Neema aliniambia tukipanda, bila kuniachia kitenge. "Na usimngoje mtu akuitikie."

Sasa niko jikoni, miguu karibu na moto. Ningependa kusema ulikuwa uchovu wangu, lakini Mama Neema naye alisikia, na masikio yake ndiyo yanayoinyoosha kwaya nzima.

Kinachoniogopesha si lile jiwe. Ni kwamba ile sauti haikukosea hata mara moja. Miaka yote nimetamani mtu mmoja tu anayejua mahali pa kuingia. Amepatikana, na hana pa kukanyaga.

Kesho nitazunguka kwa barabara ya magari. Nitaimba "Kata Keki", wimbo wa kelele usioacha hata upenyo wa kupumua.

Nimejiahidi.

Ila tangu nikae hapa naimba wa tisa mdomo ukiwa umefungwa, na kila nikifika kwenye ile nafasi, nanyamaza na kutega sikio dirishani.