Kangaga la Baba Mlangoni kwa Mama Shiru

Baba,

Nianze na lililo zito: nimekushuku, nawe hujamaliza hata miezi minne kaburini.

Ni kwa sababu ya kangaga lako, ule mmea wa majani kama manyoya ya ndege. Ulilitoa kando ya mto kwenu Vihiga, ukalipanda kwenye ndoo ya rangi hapo balkoni, ghorofa ya nne, mtaani Tassia, na hakuna aliyeruhusiwa kuligusa. Hata Mama alipoomba kipande ampelekee dada yake Kaloleni, ulimkatalia. "Ukigawa mzizi litakufa," ulisema, na mazungumzo yakaisha.

Tangu mazishi nimehamia kwako kulinda nyumba mpaka Mama arudi kutoka Vihiga. Wiki ya kwanza nikapeleka takataka kule nyuma ya jengo, kazi uliyokuwa ukiifanya mwenyewe bila kutaka msaada. Nikakuta kangaga lile lile mlangoni kwa Mama Shiru. Si moja, matatu, kwenye makopo. Mama Shiru yule mjane anayeuza sukuma wiki, aliyelia kwenye matanga kuliko sisi wenyewe. Mkeo umemnyima, huyu umempa matatu?

Sikumwambia mtu. Nilianza kumchunguza: anatoka saa ngapi, nani anamsalimia, kwa nini ananiita "binti yangu". Halafu nikaona vitone vya kahawia vimejipanga chini ya majani ya kangaga lako. Nikasema basi, huyu mama ametuwekea kitu. Nilikata kila jani lenye vitone, na yaliyobaki hayakufika matatu. Kisha nikamwaga maji ya sabuni ya unga mpaka kwenye mzizi.

Baba, lilioza. Nimeliua mimi.

Jani moja nilikuwa nimelifunga kwenye gazeti. Nikampelekea yule jamaa anayeuza miche kando ya barabara, aniambie ni sumu gani. Alifungua gazeti, akanionyesha vumbi la kahawia lililobaki kwenye karatasi.

"Hii si ugonjwa, madam," aliniambia. "Hii ndio inaizalisha. Hii mmea haitoi maua, haingoji nyuki kama maboga. Hivi vitone vikikauka vinapasuka, upepo inabeba hiyo vumbi. Ikipata mahali iko na majimaji, inamea."

Nilirudi nikautazama ukuta wetu wa nyuma, chini ya balkoni, vizuri kwa mara ya kwanza. Maji uliyomwagilia kila asubuhi yalichirizika kando ya bomba la maji ya mvua mpaka chini, na ukuta wote huo una ukungu wa kijani. Kwenye nyufa zake kuna makangaga madogo, moja ghorofa ya tatu, mawili ya pili, mahali ambapo hakuna mkono wa mtu unaofika. Bomba linaishia mlangoni kwa Mama Shiru. Hukumpa kitu. Yaliota hapo yenyewe, naye akayatia kwenye makopo. Nilisimama pale nyuma nikalia kwa aibu, watu wakipita na mitungi yao ya maji.

Nikambishia hodi. Nilimwambia nimeua mmea wako. Niliyokuwa nikiyawaza sikuyasema, lakini nadhani aliyajua, maana alinitazama usoni, kisha akainama kuchukua kopo kubwa kuliko yote.

"Chukua. Si ni ya baba yako? Mimi nilikuwa namchungia tu."

Bado sijui kwa nini alilia vile, na unanijua, nitaendelea kujiuliza. Lakini wewe sikushuku tena. Nisamehe, Baba.

Mama anarudi Jumamosi. Nitamweleza yote, hata ya sabuni, anicheke akitaka. Kangaga alilonipa liko pale pale pako. Vitone vikitoka, sitavigusa. Nitaweka kopo la udongo wenye maji chini ya majani yake, na kangaga dogo likimea humo, nitampa Mama ampelekee dada yake Kaloleni. Mzizi wako hatutaugawa.

Pumzika, Baba. Kesho asubuhi nitamwagilia mimi.

Mwanao,
Kageha