Cheti Nilichokipeleka Mwenyewe

Wingwi, Pemba
3 Disemba 2024

Kaka yangu Mmanga,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii inakukuta mzima huko Tanga, wewe, wifi na watoto. Sie huku tunapumua, alhamdulillah. Goti langu bado lanisumbua, na yule mbuzi wako mweupe kazaa mapacha. Barua nimempa Kificho akuletee mkononi, maana kwenye simu ungenikatia kabla sijamaliza.

Ni habari ya mwanao Seif. Nilikwambia yuko salama, jambo lake dogo, litakwisha. Nilikudanganya. Huu mwezi wa nne yuko jela, chumba kimoja na wanaume wenye ndevu zao, na mtoto ana miaka kumi na mitano.

Alivyokamatwa unajua. Watu wazima walimbebesha gunia la karafuu za magendo, na askari walipotokea wakatokomea vichakani, akabaki yeye na gunia. Wenye karafuu wanakunywa chai barazani mpaka leo, na wananisalimia! Kituoni Seif aliutaja umri wake. Askari akamtazama urefu, huo aliourithi kwako, akacheka, akasema kama huyu ana kumi na mitano basi yeye bado ananyonya. Akataka cheti cha kuzaliwa. Nikakipeleka mwenyewe, mbio, hata kanga sikubadili. Cheti kinasema kazaliwa 2005. Basi ni mtu mzima, akapelekwa kwa watu wazima.

Ijumaa nilikwenda kumwona. Amekonda, na sikio moja limevimba. Anasema alianguka. Analala pembeni mwa ndoo ya haja, kwani mdogo hachagui pahala. Nilimpelekea mkate wa kumimina anaoupenda, akaniambia nisilete tena, wanamnyang'anya, na akikataa wanampiga.

Yupo binti mmoja, Bi Yumna, msaidizi wa sheria, anayehangaikia watoto wa namna hii. Alinieleza kuwa sheria inakataza aliye chini ya miaka kumi na nane kuwekwa pamoja na wakubwa. Akapeleka maombi Seif atolewe mle. Hakimu akaniita, akakiinua kile cheti, akaniuliza mie niliyemlea kama kweli ni cha mtoto huyu.

Sasa kaka, keti. Cheti kile si chake. Ni cha marehemu Seif wa kwanza, yule uliyemzika akiwa na mwaka na nusu. Alipozaliwa huyu, wewe na marehemu mkeo mkampa jina la kaka yake, mkanituma niende mjini Chake Chake nikamtolee cheti. Sikwenda. Nikaona jina lile lile, baba yule yule, mama yule yule, na karatasi ipo sandukuni, ya nini kujisumbua? Nikamwandikisha skuli kwa hicho hicho. Mwalimu aliuliza mbona mdogo hivi, nikamwambia ndivyo alivyoumbwa. Nyumba ngapi hapa kijijini zimefanya kama mie!

Lakini mbele ya hakimu sikuwa mvivu, nilikuwa mwoga. Nilifikiri nikisema nimetumia cheti cha maiti, watanifunga mie. Nikasema ndiyo, ni chake. Seif alikuwa amesimama hatua tatu kutoka kwangu. Aliniangalia, kisha akatazama sakafu. Maombi yakakataliwa pale pale. Nawalaani askari kila siku, na wallahi hakuna askari aliyemfunga mtoto yule kama nilivyomfunga mie shangazi yake.

Jumatatu narudi mahakamani kusema kweli. Bi Yumna ameniambia wanaweza kunishitaki. Na wanishitaki, mie angalau umri wa kufungwa ninao. Ila neno langu sasa ni neno la mwongo, peke yake halitoshi. Njoo wewe uliyeingia kaburini kumpokea yule wa kwanza, useme mbele yao kaburi lile ni la nani. Ukitaka kunitukana, usinitukane kwenye simu, njoo unitukanie huku.

Nisalimie wifi, uwabusu watoto, na majirani wote wanakuulizia. Seif nilimuuliza nikufikishie salamu gani. Akasema nikuulize kama wewe unakumbuka ana miaka mingapi.

Mie mdogo wako,
Mwanapili