Moduli Mbili Zilizo Kwenye Droo Yangu

Mshauri mpendwa,

Nisaidie, maana hapa nilipo nimejifungia chumba cha kompyuta najifanya nina kazi. Mimi ni mkuu wa kitengo cha mtandao katika hospitali moja, wenzangu wananiita Mtaalamu, na jina hilo ndilo limeniponza. Mwaka huu tuliamua kuunganisha jengo la eksirei na wodi kwa kebo ya faiba, ili daktari aone picha ya mgonjwa papo hapo akiwa wodini, na kazi ya kulaza kebo akapewa dada wa mke wangu, shemeji yangu, ambaye ni fundi mzuri kuliko mimi ingawa hilo sijawahi kulitamka mbele ya mtu. Mimi nilibaki na kazi ndogo tu, kuagiza moduli mbili, vile vidude vya ukubwa wa kidole vinavyochomekwa kwenye swichi, yaani kisanduku cha kugawa mtandao, kila upande ili kurusha mwanga ndani ya kebo. Shemeji alinipigia simu mara mbili kuniambia amelaza kebo ya kiini chembamba, ile ya masafa marefu, kwa hiyo niagize moduli za aina hiyo hiyo, nami nikamjibu kwamba sihitaji kufundishwa kazi, nikaagiza nilizozizoea, kumbe zile ni za kebo ya kiini kinene, za umbali mfupi.

Siku ya uzinduzi mkurugenzi alikata utepe, tukapiga makofi, picha haikutokea. Aliponigeukia, mshauri, mdomo ulijisemea wenyewe, "Kebo ina hitilafu," na shemeji alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwangu. Alinitazama, akaanza kukusanya vifaa vyake. Sasa ni wiki tano. Mkurugenzi aliunda kamati, kamati ikasema ni panya, haikumwona panya hata mmoja lakini imeandika kurasa kumi na nne juu yake, shemeji amesimamishwa kazi kwa kulaza kebo bila kuzingatia panya, na Jumatatu vibarua wanaanza kuchimba ua mzima kuitoa. Picha zinabebwa na wauguzi kwenye flashi, na wiki jana bibi mmoja aliyevunjika nyonga alingoja masaa manne kwa sababu flashi ilikuwa imeondoka na muuguzi kwenye mfuko wa koti.

Usinione sina utu. Kosa langu nililigundua wiki ya pili, niliposoma maandishi madogo ubavuni mwa moduli, nikaagiza zinazofaa kimyakimya, zimefika, ziko kwenye droo yangu. Lakini nikizichomeka mtandao utafanya kazi na kebo ile ile, na watu watauliza imeponaje. Mke wangu hajui lolote, ila dada yake anashinda kwetu siku hizi, anawasaidia wanangu hesabu, na bado ananiita shemeji kwa upole ule ule. Nimewaza nizichomeke halafu niseme dawa ya panya imefanya kazi. Nifanyeje?

Mtaalamu

Bwana Mtaalamu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimesimama. Nakuhurumia kidogo. Kuchanganya moduli na kebo si dhambi. Niliwauliza mafundi wawili, wote wakakiri yamewahi kuwakuta, mmoja huku akicheka. Lilikuwa kosa la kurekebishwa kwa dakika tano. Wewe umelilea wiki tano mpaka likapata kamati.

Ila hiyo dawa ya panya imenimaliza nguvu. Yaani uko radhi kumpa umaarufu panya ambaye hajawahi kuzaliwa, kuliko kumrudishia heshima mwanamke anayewafundisha wanao hesabu. Wala usijidanganye kwamba shemeji yako hajui. Fundi aliyekupigia simu mara mbili kuhusu kiini cha kebo alijua palepale utepe ulipokatwa. Anakupa nafasi useme mwenyewe, na nafasi hiyo inakwisha. Yule bibi wa nyonga hakupewa nafasi yoyote.

Leo ukifika nyumbani, kabla hujavua viatu, mwambie shemeji yako ulichofanya, mkeo akiwepo na anasikia. Tumia neno "nisamehe". Nikisikia umesema "kulitokea changamoto" tutagombana. Mkeo akinuna, mwache anune, ana haki. Kesho asubuhi nenda kwa mkurugenzi na barua yenye sentensi tatu: kebo ni nzima, moduli zisizofaa niliziagiza mimi, fundi alinionya. Omba vibarua wasimamishwe na shemeji yako arudishwe kazini siku hiyo hiyo. Moduli mpya usizichomeke wewe. Mkabidhi yeye, azichomeke pande zote mbili na kupima mwanga, kamati nzima ikiwa imesimama hapo na kurasa zake.

Huenda ukapewa barua ya onyo, huenda ukashushwa cheo. Pokea. Na mkurugenzi akikuuliza mbele ya watu ni nani aliyekosea, jibu, "Ni mimi," kisha ufunge mdomo. Usiongeze "lakini".